Jina la Mchoma Ghala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, habari ya goti? Dada ameniambia kwamba umeanza tena kupanda ngazi kukagua mapaa ya watu, na ukiulizwa unajibu kwamba linalouma ni la kulia, nawe unapandia la kushoto. Nakusihi, hilo la kushoto nalo lina masikio, lisije likasikia sifa hizo likagoma. Mama kifua chake kimetulia? Mwambie dawa ya kikohozi hainywewi kwa kukaziwa macho. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimu sana, watoto wanakula kama mchwa, na mimi nimenenepa kidogo, jambo ambalo mume wangu anasema ni dalili ya moyo uliotulia. Sikumbishia.

Nakuandikia kwa kalamu ingawa simu ipo, kwa sababu nina mambo ambayo nikiyaanza kwenye simu nitayakatisha katikati. Barua haina pa kukimbilia. Nimemkabidhi shemeji, yule dereva wa lori la saruji, akupe mkononi mwako mwenyewe. Nimemwonya asimpe Mama, maana Mama ataifungua ili aone kama ni ya siri.

Najua umeona kimya. Ikifika saa saba mchana unazima mashine ya randa, mafundi wako wanakaa juu ya mbao na sahani zao, na sauti inayosoma habari redioni si yangu, ni ya bwana mmoja anayesoma kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Zimenifikia habari kwamba huko mtaani nimekwisha kuzaa mapacha, nimekwisha kufukuzwa kazi na nimekwisha kuhamia ng'ambo, yote hayo katika wiki tisa. Mapacha sina. Kazi ninayo. Lakini habari za saa saba sisomi tena, na nataka ujue sababu kutoka kwangu kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu kuna jambo utalisikia.

Hujawahi kufika kituoni kwetu, basi nikuoneshe. Tuko ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, kwa hiyo siku wakichanganya rangi ya mafuta sote tunasoma habari tuna kizunguzungu. Chumba cha kusomea kimebandikwa trei za mayai ukutani na darini ili sauti isirudi. Kuna taa nyekundu mlangoni, meza yenye kitambaa cha kijani, na kiti kimoja kizuri tunachokigombea. Mhariri wetu wa habari tunamwita Mkasi, kwa sababu ukimpelekea kurasa tatu anakurudishia mistari mitatu. Si mtu mbaya. Ana jicho la kujua leo kile ambacho watu watataka kusikia kesho, na jicho hilo ndilo linalotulisha.

Mwaka jana, katika ule mwezi wa mvua nyingi, polisi walimkamata kapteni mmoja mstaafu. Alikuwa anafuga kuku pembezoni mwa mji wetu, mtu wa kimya, mke wake mkunga. Walimtuhumu kwamba wakati wa vita yeye ndiye aliyeamuru ghala la nafaka lichomwe moto. Lile ghala, Baba. Walimokuwa wamejificha watu zaidi ya arobaini, na alimoishia Kaka, kifungua mimba wako, mtunza ghala.

Nilisoma habari ya kukamatwa kwake nimeshika kingo za meza. Jioni ile ulinipigia simu ukaniuliza kama ni kweli. Nikakujibu ni kweli. Hebu litazame jibu hilo. Kilichokuwa kweli ni kwamba mtu amekamatwa, basi. Lakini wewe na mimi sote tulielewa kitu kingine, tukashukuru, tukakata simu.

Haikupita wiki, mji mzima ukawa hauna haja ya jina lake. Aliitwa Mchoma Ghala. Jina lilitoka redioni kwetu, likaingia magazetini kwa herufi nene kama nguzo, likaingia saluni na vijiweni. Watoto wa shule waliliimba wakiruka kamba. Gazeti moja lilichukua picha yake ya kitambulisho likamkoleza macho yakawa mekundu. Wasikilizaji walipiga simu kwenye kipindi cha jioni: mmoja akauliza mahakama ya nini wakati mtu anajulikana, mwingine akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mkasi aliipenda methali hiyo hata akaifanya kibwagizo cha kipindi. Nami nikawa nalisoma jina lile kila siku saa saba. Najua ulilisikia, kwa sababu katika barua zako nawe ulianza kuliandika.

Kesi ilipokaribia kuanza, mchana mmoja, mke wa kapteni alikuja kituoni. Alivaa sare yake ya kliniki, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikaa kwenye benchi la wageni, kati ya mtu aliyekuja kutangaza mbuzi aliyepotea na kikundi cha waimbaji waliokuja kurekodi, akangoja zamu yake kama wengine. Mkasi alipotoka alidhani amekuja kulia au kututukana. Mama wa watu hakufanya hata moja. Alisema hakuja kutuambia kwamba mumewe hakufanya.

“Mimi sikuwepo,” alisema. “Nimeishi naye miaka kumi na minane, nafua mashati yake, najua akilalia ubavu upi anakoroma. Lakini ghalani sikuwepo, siwezi kuapa. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Kati yenu ninyi, nani alikuwepo?”

Mwenye mbuzi alitazama viatu vyake. Mkunga akatueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wajawazito wameanza kumkataa. Kwamba mmoja, uchungu ukiwa umemshika, alisema heri ajifungulie sakafuni kuliko kuguswa na mikono inayompikia Mchoma Ghala. Kisha akatuaga, akashuka ngazi. Mkasi akasema mama yule ana machungu yake, akarudi mezani. Mimi nilibaki nimeshika glasi ya maji ambayo sikumbuki niliitoa wapi.

Nisikudanganye, Baba, siku ile haikunibadilisha. Nilijiambia kwamba machungu yake hayawezi kuzidi yetu. Kilichonibadilisha kilianza na matumbwitumbwi.

Mwandishi wetu wa mahakamani, tunayemwita Mbio, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, alivimba mashavu kama anayepuliza tarumbeta, akaamriwa akae nyumbani. Mkasi akanituma mimi nishike nafasi yake. Hakujua habari za Kaka. Pale kituoni hakuna aliyejua, na hilo nalo nitalifikia.

Chumba cha mahakama ni kikubwa, kina feni mbili na inayofanya kazi ni moja. Jaji ni mama mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia. Kila asubuhi, kabla shahidi hajaapa, alitukumbusha sisi waandishi kwamba aliyekaa kizimbani ni mshtakiwa tu, kwamba hana hatia mpaka upande wa mashtaka uithibitishe, na kwamba kazi hiyo ni yao, si yetu. Alilisema hilo kila siku bila kuchoka, kama mama anayewaambia watoto wanawe mikono. Waandishi wenzangu walikuwa wakilitamka pamoja naye chini kwa chini, wakicheka.

Nami nilikuwa natafuta kumwona mtu mwenyewe. Niliona bwana mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, anayeinama kila mara kukuna kifundo cha mguu. Nilimtafuta yule wa macho mekundu siku nzima nisimpate.

Siku ya tatu akasimama shahidi mkuu, mama mmoja mfuma masweta, mmoja wa wachache waliotoka ghalani wakiwa hai. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama aliyeamuru moto yumo humu ndani. Mama akanyoosha kidole kwa kapteni bila kusita. Kidogo nipige makofi, Baba.

Ndipo wakili wa utetezi akainuka. Hakuwa mtu wa makeke. Alimpa pole kwanza, akamwuliza kama angependa kukaa, akamwuliza ni lini alimtambua mshtakiwa kuwa ndiye. Mama akajibu, mwaka jana. Akamwuliza, kabla ya mwaka jana, alikuwa anakumbuka sura gani. Yule mama akafikiri, kisha akasema kwa unyoofu wa mtu asiyejua anachokivunja:

“Kabla ya hapo nilikuwa nakumbuka kofia na moshi. Halafu redio ikasema ni Mchoma Ghala, nikaona na picha yake gazetini. Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona yeye.”

Feni ile moja ikasikika. Mwendesha mashtaka aliweka kalamu chini. Jaji akavua miwani hii akavaa ile.

Nilielewa pale pale nilipokaa. Yule mama alikuwa na kumbukumbu ya mtu yule kichwani mwake, ameihifadhi miaka yote ile. Labda ilikuwa ya kapteni, labda ya mwingine. Sisi tukaja na rangi yetu tukaipaka juu. Sasa hata kama aliyekaa kizimbani ndiye, nani angejua kwa hakika? Na kama siye, aliyefanya amelala raha mustarehe mahali fulani. Tulijiona tunawatetea waliokufa, kumbe tulikuwa tunawaharibia shahidi wao.

Nilirudi ofisini nikaandika: mshtakiwa, kapteni mstaafu, anayedaiwa. Mkasi akafuta kwa wino mwekundu akaandika jina lile. Taa ikawaka, nikasoma nilivyoandika mimi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku iliyofuata alisimama nyuma ya kioo akinitamkia kwa midomo, Mcho-ma Gha-la, kama anayefundisha mtoto kusoma. Nikamtabasamia, nikasema “mshtakiwa”. Labda ulinisikia siku zile ukadhani nimechanganya karatasi. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza mbona siku hizi tunambembeleza. Mmoja akataka kujua kama ameniposa. Mkasi akaniita. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliniambia neno “anayedaiwa” ni kama maji kwenye mchuzi, kila ukiongeza ladha inakimbia. Nikamjibu kwamba mimi sipiki. Basi akanihamishia kipindi cha saa nne asubuhi, kile cha vitu vilivyopotea na kuokotwa.

Nilidhani ni adhabu, nikalia njia nzima. Wiki mbili baadaye nilikuwa nawahi kazini. Wanapanda ngazi zetu watu wa kila namna: mwenye kitambulisho alichookota, mwenye mbuzi wa sikio moja, bibi aliyesahau meno ya bandia kwenye basi, akayapata kwa tangazo letu, akaja tena kutuonesha yalivyokaa. Nasema nilichoambiwa, nasema aliyeniambia, nasema pa kwenda kuuliza. Hakuna anayenitaka niongeze pilipili. Saa nane nipo nyumbani, watoto bado hawajavua viatu vya shule. Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii, sikujua kwamba sebule yangu inapata jua la alasiri.

Kesi sikuiacha. Siku zangu za mapumziko nilikwenda nikakaa benchi la nyuma kama raia yeyote. Nataka nikusimulie juu ya mwendesha mashtaka, kwa sababu ni mtu ambaye hakuna gazeti lililomsifu. Ni bwana mrefu mwenye tai moja ya kila siku. Ushahidi wa yule mama ulipoyumba, angeweza kuukokota hivyo hivyo mpaka mwisho. Badala yake aliomba muda, akaenda yeye mwenyewe kupekua makasha ya zamani ya kambi ya wakimbizi. Alirudi na karatasi moja. Ilikuwa maelezo ya mama yule yule mfumaji, yaliyoandikwa na muuguzi wa kambi siku ya nane baada ya moto, miaka mingi kabla redio haijafungua mdomo. Yalimharibia kesi yake, na bado akayaleta. Aliyasoma mwenyewe, amesimama, bila kuruka mstari.

Maelezo yale yalisema kwamba aliyetoa amri alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, kwamba alishika bastola kwa mkono wa kushoto, na kwamba askari wake walimwita Mwalimu. Kapteni wetu, Baba, ananifikia mimi sikioni. Likaja na daftari la hospitali ya jeshi: wiki ile alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, mwendo wa siku mbili kutoka ghalani. Jumanne iliyopita jaji alimwachia huru. Alisema waliokufa wana haki yao, na haki hiyo haiwezi kujengwa juu ya mgongo wa mtu ambaye kosa lake halikuthibitishwa. Upelelezi umefunguliwa upya. Huyo Mwalimu anatafutwa, na akipatikana, natumaini atangojewa mpaka mahakama iseme.

Sasa kama umesimama, kaa.

Kuna jambo ambalo nyumbani kwetu halitajwi mezani. Funguo zilikuwa kwa Kaka. Watu walisema ghala lilifungwa kwa nje na kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo mtunza ghala aliwauza wenzake. Hakuna aliyetuambia usoni. Walikuja kutupa pole, wakakaa, wakanyamaza kwa namna fulani. Jirani mwenye mashine ya kusaga ndiye wa kwanza kuuliza kwa sauti funguo zilikuwa kwa nani. Baada ya hapo wewe ukawa hutoki karakana, Mama akabadilisha njia ya sokoni, na mimi nilipopata kazi huku sikumwambia mtu kwamba niliwahi kuwa na kaka.

Ile karatasi ya muuguzi ilikuwa na upande wa pili. Mama mfumaji alieleza kwamba askari walimpiga mtunza ghala kwa kitako cha bunduki, wakamnyang'anya funguo, wakamsukumia ndani pamoja na wengine, kisha wakafunga wao. Moshi ulipoanza, mtunza ghala alichukua jiwe la chuma la mizani akapanda juu ya magunia, akavunja nondo za tundu la hewa. Halafu akawa ngazi. Watoto tisa walikanyaga mabega yake wakatoka. Mama mfumaji, kwa kuwa alikuwa mwembamba, akatoka wa mwisho. Anasema alimnyooshea mkono kutoka nje ili amvute, naye akacheka, akamwambia, “Mabega haya ni ya baba yangu, hayapiti hapo.”

Alicheka, Baba. Muuguzi ameliandika hilo neno.

Sikumbuki nilivyotoka mle ndani. Nilimkuta yule mama kwenye ngazi za mahakama, anatafuta kiatu kilichomvuka, nikamwambia mimi ni nani. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kama anayesoma, akasema pua ni ile ile. Kisha akaniuliza baba yangu yu hai? Nikasema yu hai, na anapanda ngazi ovyo. Akauliza mabega yako yana upana gani. Nikamwambia apime kwa yule anayemkumbuka. Furushi alilonalo shemeji ni lako: ni sweta, la rangi ya kahawia. Likikubana kwapani usiseme.

Ungeweza kuishia hapa ukanisifu. Usinisifu bado.

Nilikuambia jina la Mchoma Ghala lilitoka redioni kwetu. Sikukuambia lilitoka kwa nani. Mkasi hakuliandika, wala Mbio. Siku ya pili baada ya kapteni kukamatwa nilikuwa nasoma habari, karatasi imeandikwa wazi “kapteni mstaafu anayetuhumiwa”, nami nikainua macho kwenye karatasi nikasema Mchoma Ghala. Nililitunga mimi mwenyewe, papo hapo. Nyuma ya kioo Mkasi alinipigia makofi. Na sikulitunga kwa kujua, nililitunga kwa kutaka. Nilitaka mji upate mtu wa kumtaja kila unapolitaja ghala, ili usiulize tena habari ya funguo. Nilitaka awe yeye, asiwe Kaka. Yale tuliyofanyiwa sisi kwa minong'ono, mimi nilimfanyia mtu mwingine kwa kipaza sauti. Tena ona ubaya wake: neno nililolitupa ili kumsafisha Kaka ndilo lililokaribia kumfuta kichwani mwa mama yule, mtu mzima pekee aliyetoka ameyaona matendo yake.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa kapteni. Nilibisha hodi. Mkunga alinifungulia, akaitambua sauti yangu kabla ya sura. Halafu akavuta kiti akaniambia nikae. Niliwaeleza yote, la Kaka na la jina. Kapteni alikuwa anachagua mayai ya kutotolesha, moja moja kwenye mwanga wa dirisha, na hakuacha kazi yake. Aliposema, alisema kwamba vitani hakuwa malaika, yapo mambo aliyoyafanya ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza, na angeulizwa angejibu. Lakini la ghala alilisikia redioni kama watu wengine. Mkewe akasema samahani yangu ameipokea, ila nilipoileta si mahali pake. “Ulilitolea wapi lile neno? Basi karudishe pale pale, saa ile ile, kwa sauti ile ile.” Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniambia wiki hii amezalisha watoto wawili.

Nilimweleza Mkasi kila kitu. Alikaa akizungusha kalamu, akaniuliza ni mistari mingapi. Nikamwambia saba. Aliisoma yote na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukata hata neno. Alihamisha nukta moja tu, asingekuwa yeye. Kibwagizo cha methali amekiondoa, anadai kimezeeka. Basi Jumatatu saa saba nitasoma mistari hiyo kwa jina langu kamili. Nitasema mimi ni dada wa mtunza ghala, nitasema nililitunga lile jina na halikuwa kweli, nami nitamwomba radhi mtu yule na mkewe. Mkasi amesema nikitaka nirudi saa saba moja kwa moja. Nimemshukuru, nimemwambia nabaki na mbuzi wangu.

Sijui utanitazamaje baada ya kusoma haya. Uliwahi kunirudishia kiti nilichokipigilia misumari ili nikifumue chote nianze upya, na nilikuchukia siku nzima, jioni nikakikalia. Ukiwa na neno kali, liandike, nitalisoma mpaka mwisho. Ukiwa huna, niandikie tu goti linaendeleaje. Lakini nataka ujue kwamba nalala usingizi mzuri, na kwamba jina la Kaka sasa nalitaja nyumbani kwangu, watoto wanamwita mjomba, na mdogo amekwisha kuniuliza kama mabega yake nayo yatakuwa hayapiti.

Msalimie Mama, msomee mwenyewe upande wa pili wa ile karatasi. Nimeunakili na kuuweka ndani ya sweta. Msalimie Dada na mafundi wote. Msalimie pia jirani mwenye mashine ya kusaga. Huenda Jumatatu, baada ya habari, akaja mlangoni akakosa pa kuanzia. Usimwulize alichosema miaka ile. Yeye alisikia kwa watu. Mimi sikusikia kwa yeyote, nilitunga. Mvutie kiti.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako